Nimempa fundi jambia la babu atoe kutu, kanirudishia kisu cha buchani

Wakuu heshima kwenu, leo naandika nina hasira kwahiyo kama umekuja kuniambia "pole yaishe" pita tu.

Iko hivi. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa Unguja, kwao kwa asili ni Oman, na alivyofariki akaacha jambia, kile kisu kilichopinda cha kuvaa kiunoni. Sio haya wanayouziwa watalii Mji Mkongwe, nasemea lile lenyewe, ala imepinda kama herufi J, pete za fedha, mpini umezungushiwa nyuzi za fedha nyembamba kama nywele. Wenzetu Oman hicho kitu wamekiweka mpaka kwenye bendera, na 2022 UNESCO wakauingiza ufundi wake kwenye orodha ya urithi. Sisi tumelitupia kwenye sanduku kwa bimkubwa, masika paa likavuja juu ya sanduku na hakuna aliyejua. Hapo kosa letu, nakubali.

Tulipofungua lilikuwa limeng'ang'ania ndani ya ala halitoki. Nikadondoshea mafuta ya cherehani pale mdomoni usiku tatu mfululizo, siku ya nne likaachia, likatoka na unga mwekundu kama pilipili ya kusaga. Ila chini ya ule unga chuma kilikuwepo! Ule mgongo wa katikati ya bapa unauona kabisa, na sehemu kubwa ilikuwa na kutu nyeusi iliyotulia, na kutu nyeusi haina neno, inayokula chuma ni ile nyekundu. Kazi ilikuwa ni mafuta, stilwaya laini kuliko zote, na kipande cha shaba cha kukwangulia maana shaba haichubui chuma, unaenda mdogo mdogo hata mwezi.

Haya yote nilimwambia fundi kwa mdomo wangu. Nikamwambia hakuna grenda, hakuna maji ya betri, hakuna moto. Akajibu "toa hofu bosi, kazi ndogo hiyo". Tukakubaliana elfu 70, nikatanguliza 40.

Wiki mbili baadae naenda namkuta anatabasamu, "ona bosi, limekuwa jipya". Jipya!! Nani alikwambia nataka jipya?? Kapitisha grenda. Ule mgongo wa katikati umelimwa wote, bapa limekuwa sawasawa kama rula, ncha imepungua karibu nusu inchi. Na pale kwenye ncha kuna rangi ya bluu na zambarau, nikamuuliza hii nini akasema ni urembo, kumbe ndo alipochoma, chuma kikifika kama digrii 300 hivi kinageuka bluu na ugumu wake ndo umeshaenda hivyo. Kutu ingerudi ningeitoa tena, ila chuma kilichosagwa kiko sakafuni kwake na vumbi la mageti, nakirudishaje?

Subirini, bado. Ala kaipulizia rangi ya silva. Wakuu, FEDHA HALISI imepuliziwa rangi ya silva, ile ya rimu za gari. Na zile nyuzi za mpini hazipo, kazungusha waya wa kopa wa kwenye mota, eti "zile zilishakuwa nyeusi bosi nikakubadilishia". Fedha huwa inakuwa nyeusi jamani, ndo kawaida yake, unafuta na kitambaa inarudi! Halafu ana ujasiri wa kunidai 30 iliyobaki na 15 juu, hela ya rangi.

Najua kuna mtu atasema si ungefanya mwenyewe. Niliogopa kuliharibu ndugu yangu, ndo maana nikatafuta fundi.

Jumamosi narudi pale na mjomba. Ile 40 simdai, namdai nyuzi zangu, na asiniambie alizitupa maana mtu anayejua kulipisha mpaka rangi ya kopo hawezi kutupa fedha. Kama kuna anayemjua sonara anayeweza kusuka mpini wa jambia, awe Unguja, Mombasa au hata Muscat, anitumie ujumbe. Na anayejua namna ya kutoa hiyo rangi kwenye fedha bila kufuta nakshi aseme, thina naiogopa kwa sababu ndani ya ala kuna mbao na ngozi.

Bimkubwa sijamuonyesha. Kila siku anapiga kuuliza limefikia wapi, namwambia fundi bado analo.