Nimeacha sindano ya uzazi wa mpango. Je, kizazi changu kimeharibika?

Swali (Bi. Arusi, Tanga): Habari zenu. Nina miaka 31. Nilichoma sindano ya miezi mitatu kwa miaka minne, na sasa imepita miezi saba tangu sindano ya mwisho, lakini hedhi hairudi kwa mpangilio, na mama mkwe ananiuliza kila wiki. Nina hofu kubwa.

Mkunga Mstaafu: Mwanangu, sindano haiharibu kizazi. Dawa yake hukawia kuisha mwilini, hivyo kwa wastani mimba hutungwa takribani miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, na kwa wengine huzidi mwaka. Nakusihi usinunue dawa za kusafisha kizazi, kwa maana hakuna uchafu wa kusafishwa. Anza leo kumeza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto huanza kuumbika kabla wengi hawajajua kuwa ni wajawazito.

Mama Wawili: Dada, hedhi ikishatulia, usihesabu siku ya 14 tangu hedhi ianze kama kanuni ya kila mtu. Yai hutoka takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 32 hulitarajia karibu na siku ya 18.

Bi. Arusi: Ahsanteni. Mume wangu naye apimwe?

Mkunga Mstaafu: Ndiyo, mwende kliniki pamoja.