Mama anajiandaa kuanza tibakemikali: nimwandalie nini nyumbani?

Binti wa Kayole
Hamjambo. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 63, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana mwezi uliopita, na daktari amesema kwamba kidonda kikishapona vyema ataanza tibakemikali, yaani matibabu ya dawa za kuua seli za saratani, ambayo mojawapo ya dawa zake ni oksaliplatini. Amehamia kwangu kutoka kijijini. Hasemi mengi, jana nilimkuta akikunja na kukunjua leso ileile, kisha akaniuliza iwapo nywele zake zitaisha zote. Sikuwa na jibu. Naomba waliouguza mzazi wanielekeze.

Mwana wa Kasarani
Pole sana, dada. Nilimuuguza baba alipokuwa akipewa dawa hiyohiyo. Nywele zake zilipungua tu, hazikuisha, ingawa ni vyema mama amuulize daktari wake kwa kuwa huenda dawa nyingine anazopangiwa zikawa tofauti. Kilichotutesa sisi ni baridi. Oksaliplatini huathiri mishipa ya fahamu, hasa siku chache baada ya kutundikiwa dripu ya dawa hiyo, hivi kwamba maji ya mfereji asubuhi ya Julai hapa Nairobi yalimchoma vidoleni kama sindano, na alipokunywa maji ya friji alihisi koo limebanwa. Mnunulie glavu na soksi nzito, umpashie moto maji ya kunawa, na chupa ya chai isikauke kando ya kitanda.

Muuguzi, Embakasi
Nunua kipimajoto kabla ya kitu kingine chochote. Chembe nyeupe za damu, zinazoukinga mwili dhidi ya maambukizi, kwa kawaida hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, na joto likifika nyuzi 38 mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, wala usimpe dawa ya kushusha homa mkingoja kupambazuke. Tafuta mapema mtu mwenye gari atakayekubali kuamshwa. Vilevile, akitumia muarobaini au mitishamba mingine, daktari aambiwe. Wazee wengi huficha wakiogopa kukemewa. Usajili wake wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uthibitishwe sasa.

Binti wa Kayole
Asanteni kwa dhati. Kipimajoto nimekinunua, na jirani wa ghorofa ya chini amekubali kuitwa saa yoyote. Nilipomsomea mama habari ya nywele alinyamaza kidogo, kisha akaomba chai.