Tupeane uzoefu: waliosoma ukubwani na waliofundisha kisomo huku Ziwa Victoria, njooni tuseme

Mtoa mada (Ilemela)

Wakuu, habari za majukumu.

Vikao vya bajeti vya halmashauri vinakaribia. Madiwani wetu nimewasikia wakililia barabara, madawati na zahanati, na vyote tunavihitaji. Sijasikia hata mmoja akidai fedha za kisomo cha watu wazima, wakati kila mwalo (pale mitumbwi inaposhusha samaki) ninaoujua una watu wanaoweka dole gumba kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma.

Naomba tuweke hapa visa vyetu wenyewe. Wewe uliyesoma ukubwani, uliyefundisha, au mwenye mzazi aliyeanza akaishia njiani, karibu. Tukipata vya kutosha nitavikusanya nimpelekee diwani. Msimamo wangu nautoa mapema: darasa la kujitolea halidumu. Linataka posho ya mwalimu, vitabu, taa na mtu wa kulifuatilia, na hayo yote yanahitaji fungu la serikali. Msitaje majina ya watu wala ya wakopeshaji, mada isije ikageuka ugomvi.

Mama Chanja

Ngoja nianze mimi. Nimezaliwa Sengerema, shule sikwenda, baba alisema nikienda shule ng'ombe watachungwa na nani. Biashara ya dagaa nimeingia nikiwa na mtoto mgongoni. Hesabu za kichwa hamniwezi. Nikichukua mzigo kwa mali kauli, nikaanika, mvua ikaharibu nusu, hasara yangu naijua kabla jua halijazama.

Kilichonishinda ni karatasi. Tulikopa kikundi, hizi kausha damu za marejesho ya kila wiki. Tukaambiwa wekeni dole hapa na hapa. Mwenzetu mmoja akashindwa kurejesha, akahama, wakaja kwangu wakabeba friji na godoro. Nikauliza kwa nini mimi? Wakanionyesha mstari kwamba nimemdhamini kwa mali zangu za ndani. Binti yangu wa darasa la sita ndiye aliyenisomea ule mkataba wote. Ulikuwa Kiswahili kitupu. Mtoto kausoma bila kukwama.

Baadaye likafunguliwa darasa la jioni pale shule ya msingi karibu na mwalo, la MUKEJA, ule mpango wa serikali wa kisomo cha watu wazima, nikajiandikisha. Kusoma nimejua. Kuandika mkono bado mzito, mkiona herufi imeruka msinicheke. Ila darasa lilikufa kabla hatujafika hesabu za kuandika. Mwalimu posho haioni, akatuaga, akaenda machimboni Geita. Simlaumu, ana watoto.

Kijana wa Kamanga

Pole sana mama. Kausha damu wametumaliza wote, wanaojua kusoma na wasiojua. Sisi tunasoma halafu tunasaini hivyohivyo kwa shida.

Mwezeshaji wa zamani

Nimefundisha kisiwani, upande wa Buchosa. Kuna jambo moja ambalo watu wa ofisini hawalijui: darasa la mwaloni linafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa kwenye giza, kwa taa. Mwezi ukishakuwa mpana wavuvi wanabaki nchi kavu, wanashona nyavu, wanacheza bao, wengine wanakunywa mpaka basi. Hizo ndizo siku zangu za kujaza darasa. Giza likirudi nabaki na akina mama waanikaji, nao jioni wanakuja wamechoka, wameshinda kwenye chanja tangu alfajiri.

Mimi nilipewa ratiba ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi jioni. Nikaiweka pembeni nikafuata mwezi. Mkaguzi akaja kipindi cha giza, akakuta watu wachache, akaandika "mahudhurio hafifu", akapanda boti akaondoka. Ripoti za namna hiyo ndizo zinazokuja kutumika kusema kisomo hakina watu, fedha ziende kwingine.

Posho ilikuwa ya ahadi. Chaki nilinunua mwenyewe, taa ya sola niliazimwa na tajiri mmoja mwenye mitumbwi, na masharti yake ni kwamba wavuvi wake wakae mbele. Wanafunzi walinilipa dagaa. Nashukuru, nimekula sana dagaa, lakini ada ya mtoto huwezi kuipeleka kwenye ndoo.

Na msidhani ni wazee tu. Darasani kwangu waliokuwa wengi ni vijana walioacha shule darasa la tatu au la nne wakafuata uvuvi. Walitaka kusoma meseji za miamala, kusoma mizani, kujua kilichoandikwa kwenye daftari la tajiri wakati wa mgawo. Kitabu nilichopewa kilianza na mbolea ya mahindi.

Mkweli wa Nyegezi

Samahanini, mimi nitaenda kinyume kidogo. Tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa ya watoto yamefurika, kuna shule watoto bado wanakaa sakafuni. Fungu likiwa dogo, liende kwa mtoto. Kwa watu wazima ni kusubiri tu, kizazi hicho kitapita, kitabaki cha waliosoma.

Babu Nansio

Marahaba wote mlionisalimu moyoni.

Kijana wa Nyegezi, kizazi kinachopita ni mimi, kwa hiyo nijibu. Mwezeshaji ameshakuambia kwamba darasani kwake vijana ndio waliokuwa wengi. Hao walizaliwa wakati shule zipo kila kijiji, wakatoka wakiwa hawajaiva. Ukisubiri wapite, nyuma yao wako wengine.

Sasa nikupe historia, maana Mwanza hii si ngeni kwa jambo hili. UNESCO ilipoleta mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa mwaka 1968, makao yake yalikuwa hapa Mwanza, na ulihudumia mikoa ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, Muhaya kwa kitabu cha migomba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Mwezeshaji, hicho ulichokosa wewe, sisi tulikuwa nacho zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Halafu Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Zikachaguliwa wilaya sita zifute ujinga kabla ya 1971 kwisha: Mafia, Masasi, Kilimanjaro, Pare, Dar es Salaam na Ukerewe yetu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Tulipangwa jioni kwenda kuwasaidia ngumbaru, yaani watu wazima wanaojifunza kusoma, na mmoja wa ngumbaru wangu alikuwa shangazi yangu, aliyenipiga kibao nilipomwambia amekosea herufi "ng'". 1974 likaanza gazeti la Elimu Haina Mwisho, la kanda hii, ili waliojua kusoma wasisahau.

Matokeo yalionekana. Sensa ya 1967 ilikuta takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawajui kusoma. Mtihani wa taifa wa 1975 ukakuta asilimia 39, wa 1986 ukakuta chini ya 10. Serikali ilitenga fedha, wafadhili wa nje wakaongeza, hasa Sweden, kukawa na waratibu wa kufuatilia mpaka chini, na mwalimu wa kujitolea alipewa kitu kidogo mkononi. Uchumi ulipoyumba miaka ya 80, kilichokatwa mapema ni kile kitu kidogo. Madarasa yakajifunga yenyewe, hakuna aliyetangaza.

Sensa ya 2022 imesema wanaojua kusoma na kuandika ni asilimia 83. Hizi namba msizilinganishe moja kwa moja. Zamani ulikalia mtihani. Karani wa sensa anakuuliza mlangoni, unajibu mwenyewe. Nani atasema mbele ya wakwe zake kwamba hajui kusoma?

Jambo moja tu la enzi zile silitaki lirudi: sheria ndogo za kumtoza faini asiyekuja darasani. Watu walikuja, ndiyo, lakini walikuja na hasira.

Kijana wa Kamanga

Mzee wangu shikamoo. Hiyo ya kibao nimecheka peke yangu kwenye pantoni watu wananiangalia.

Mimi ni baba yangu. Namba ya siri ya simu anamtajia wakala kwa sauti, mbele ya foleni, kwa sababu hawezi kusoma kilichoandikwa kwenye simu, wala kujua wakala ameandika kiasi gani. Nimemwambia aache, akaniuliza afanyeje sasa? Sikuwa na jibu. Darasa la karibu hakuna.

Mtendaji mstaafu

Niongezee upande wa taratibu, maana malalamiko peke yake hayaingii kwenye bajeti. Kila halmashauri ina afisa elimu ya watu wazima. Ofisi ipo, mara nyingi kinachokosekana ni fedha ya kuendeshea. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mapendekezo yanaanzia chini miezi mingi kabla: mkutano wa kijiji au mtaa, kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani. Ukisubiri Mei umechelewa.

Ombeni kitu chenye jina: "posho ya wawezeshaji wa kisomo, madarasa kadhaa, kata fulani", kutoka mapato ya ndani. Mkiandika "kuboresha elimu ya watu wazima" fedha itaishia kwenye semina. Wanaharakati wa elimu duniani walishapendekeza nchi zitenge angalau asilimia 3 ya bajeti ya elimu kwa kisomo cha watu wazima. Hicho ni kipimo kizuri cha kumuuliza mbunge, si diwani.

Hoja nyingine yenye nguvu ni ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Kikundi kinatakiwa kuwa na katiba na andiko la mradi. Kisipokuwa na msomaji kinamlipa mtu wa steshenari awaandikie, kisha hawajui wameahidi nini. Serikali inatoa mkopo kwa mkono mmoja, kisomo cha kuulinda mkopo huo haikigharamii. Nimekaa kwenye vikao hivyo, madiwani wanaelewa lugha hiyo haraka kuliko habari za haki.

Mkweli wa Nyegezi

La vijana walioacha shule nimelikubali, hao wawekewe fungu hata kesho. La wazee bado hamjanishawishi. Ila mama Chanja amenigusa na huo mkataba.

Mama Chanja

Mtendaji, nikuulize. Diwani akisema fedha hakuna, naweza kumwambia ushuru wa dagaa tunaolipa kila gunia ukatwe kidogo uje huku? Au ataniona sina adabu?

Mtendaji mstaafu

Mwambie, ni swali halali. Lakini usimwambie barabarani. Liseme kwenye mkutano wa mtaa, hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari, na kabla hamjatawanyika mwombe katibu akusomee alivyoandika. Au chukua usome mwenyewe. Barua ya kikundi peleka nakala mbili, ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa.

Mtoa mada (Ilemela)

Nimenakili yote. Magu, Misungwi na Musoma bado hamjasema. Hasa nawataka walio na darasa linaloendelea mpaka leo: nani anamlipa mwalimu wenu, na kwa fungu gani?