Mpini wenye kichwa cha ndege: upanga huu ni wa watu gani?

Mwana wa Kibokoni
Assalaam aleikum. Marehemu babu alikuwa kuli bandarini Kilindini, na sandukuni mwake tumekuta upanga ambao, kwa maelezo ya bibi, alizawadiwa na baharia Mfilipino. Mpini ni wa mti uliong'ara kwa kushikwa, kichwa chake kimepinda kama cha ndege mwenye kishungi, na shingoni umevikwa pete ya fedha. Bapa lina urefu wa sentimita 40 na makali upande mmoja tu. Mjomba anashikilia kuwa ni kris. Je, ni kweli?

Mzee wa Makadara
Waaleikum salaam, mwanangu. Mjomba amekosea, ingawa kosa lake lina sababu, kwa kuwa kichwa cha kakatua, yule kasuku mweupe mwenye kishungi, huchongwa kwenye mipini ya silaha zote mbili, kris na barong. Kris ya Wamoro, yaani Waislamu wa kusini mwa Ufilipino, ambayo Watausug, mojawapo ya makabila yao, huiita kalis, ina makali pande mbili, iwe imenyooka au ina mawimbi, na bapa lake hupanuka linapokaribia mpini. Lako, ikiwa mgongo ni mnene na umbo ni la jani, ni barong, silaha ya Watausug wa visiwa vya Sulu na jirani zao Wayakan wa kisiwa cha Basilan. Kitazame vizuri kishungi: kikiwa kirefu kupita kiasi, mwenyewe alikuwa mtu wa daraja la juu, maana wa vitani hakutaka kichwa cha kumkwama mkononi.

Mpenda Kale
Naafikiana na Mzee, ila nionye kwamba baharia kuwa Mfilipino hakutuambii kitu. Huenda alikuwa Mvisaya, mtu wa visiwa vya kati vya Ufilipino, aliyeununua kama sisi tununuavyo jambia la Mwarabu. Wavisaya wa Panay wana talibong, ambayo mpini wake, mara nyingi wa pembe, huishia kwa kichwa cha kiumbe mwenye meno. Kampilan, upanga mwingine wa Wamoro, nayo hutambulika hata kwa mbali: ni ndefu, hukaribia mita 1, na mpini wake umepasuka mfano wa mdomo wa mamba uliopanuliwa. Fedha hiyo usiisugue kwa chochote, kwani weusi ulioingia kwenye michoro ni sehemu ya umri wake.

Mwana wa Kibokoni
Nashukuruni. Mgongo ni mnene kweli, na kishungi ni kifupi. Kuhusu fedha nimechelewa: bibi aliisugua kwa majivu na ndimu usiku wa kuamkia Idi.