Tupeane uzoefu: gemu ngumu ya bunduki ya kucheza na wenzako, uliichaguaje?

Mwanzisha mada, Mwanjelwa

Wakuu, habari za jioni. Baridi ya Mbeya imeshaanza kuuma, na sisi vijana wanne wa Mwanjelwa na Kabwe tumeshachoka na gemu za mpira. Tunataka gemu ya bunduki yenye hadithi ndani yake, ambamo mhusika anapanda levo, anachagua ujuzi na kubadilisha silaha, na tunaicheza pamoja kama timu. Halafu iwe ngumu kweli. Ugumu ninaoutaka ni ule wa kukaa chini na kupanga kabla ya kuingia. Ule wa adui kuongezewa damu tu, mkamfyatulia risasi mpaka vidole vife ganzi, hapana.

Nianze na msimamo wangu. Mimi gemu ya timu naipima hivi: mwenzangu akitoka, nakosa nini? Kama nakosa bunduki moja tu, hiyo kwangu haijafika.

Niliyocheza kwa muda mrefu ni Borderlands 2, ya Gearbox, ya mwaka 2012. Ni ya zamani, ila kompyuta ya kawaida inaibeba na mnaingia mpaka watu wanne. Humo damu ikikuishia hufi papo hapo. Unaanguka, unabaki unafyatua ukiwa chini, na ukimuua adui hata mmoja unasimama tena. Sasa, mhusika anayeitwa Maya ana uwezo wa kumnyanyua adui hewani na kumfunga kwenye tufe. Ukimkuza vizuri, uwezo huohuo anaurusha kwa mwenzake aliyeanguka na kumuinua akiwa mbali, bila kumfuata. Tulikuwa korongoni, mimi niko chini nyuma ya jiwe, maadui wamejaa kati yangu na dogo anayemcheza Maya. Kwa miguu asingenifikia hata kidogo. Aligeuka, akanilenga, nikasimama. Tangu siku ile hatuingii pambano kubwa bila Maya.

Sasa wadau, simulizi zenu. Mlichagua kwa vigezo gani, mnatumia kifaa gani, intaneti ikoje huko mliko, na kwa nini mliendelea au mliacha. Orodha ya majina matupu haitatusaidia.

Mdau wa Mafinga

Mkuu, mimi nina banda la gemu hapa Mafinga, kwa hiyo kigezo changu cha kwanza ni kimoja: watu wawili wanakaa kwenye TV moja? Gemu nyingi kubwa za siku hizi zimeacha kugawa skrini, kila mtu anatakiwa awe na mashine yake na intaneti yake. Borderlands 2 kwenye mashine ya PS3 inagawa skrini kwa wawili, ndiyo maana mpaka leo iko bandani kwangu. Kwenye kompyuta haigawi, hilo mlijue kabla hamjahangaika.

Mambo mawili ya kuzingatia. TV ya chogo isahau kabisa, maana skrini ikigawanywa maandishi ya silaha hayasomeki, na kusoma silaha ndiyo nusu ya gemu yenyewe. Moto ni kwa adui mwenye nyama, tindikali kwa mwenye chuma, shoti ya umeme ni ya kuvunja ngao. Asiyesoma anamaliza risasi zote na adui bado amesimama. La pili, kila mchezaji awe na akaunti yake kwenye mashine ili levo zake zihifadhiwe.

Umeme ukikatika hampotezi sana, kwa sababu gemu inajihifadhi kila mnapopita kwenye vituo vyake. Nina vijana wawili wanakuja wakitoka kazini kwenye mbao, wanaendelea pale walipoishia jana. Nimewawekea bei yao ya jioni nzima, kwa sababu hadithi ya namna hii haichezeki kwa nusu saa nusu saa.

Dada wa Njombe

Mimi nacheza na kaka yangu aliyeko Dar, kila mtu na PS4 yake. Tulichagua Remnant: From the Ashes ya mwaka 2019, inachezwa na mpaka watu watatu kwa mtandao. Tuliipenda kwa sababu ugumu wake ni wa haki. Kila shambulio la bosi, yaani adui mkubwa, lina dalili yake: anavuta mkono, ananguruma, anakanyaga chini, na wewe unajua sasa ni kujibiringisha au kurudi nyuma. Ukifa unajua kilichokuua.

Risasi za mwenzako zinakuumiza. Hilo ndilo lililotufundisha kuongea. Kaka akisogea anasema "napita kushoto", nami nasubiri. Kabla ya hapo tulikuwa kila mtu anapigana vita vyake.

Mjue kitu kimoja kabla hamjaamua. Ramani zinapangwa upya kwa kila mchezaji, dunia yake na yangu hazifanani, bosi nimkutaye kwangu yeye anaweza asimkute. Na mkiwa kwenye dunia ya kaka, hadithi inayosonga ni ya kwake. Mimi narudi na silaha, vifaa na uzoefu wa mhusika wangu, lakini dunia yangu iko palepale nilipoiacha. Sisi tulikubaliana leo kwako, kesho kwangu. Ndugu wakishindwana kwenye hilo wataiacha mapema, nawaambia ukweli.

Ya pili, Remnant II, ilitoka mwaka 2023. Ina hadi mhusika anayetembea na mbwa, na mbwa huyo anaweza kuwainua wenzenu walioanguka.

Mdau wa Uyole

Destiny 2 ni bure kuanzia mwaka 2019, nikaona hiyo hapo. Jamani, inadai zaidi ya GB 100 kwenye diski, na haichezeki bila intaneti hata ukiwa peke yako. Kwa bando la simu ni maumivu. Mapambano yake makubwa yanataka watu sita wenye muda mmoja, na hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote, sikatai. Mwenye intaneti ya kudumu nyumbani aijaribu. Outriders nayo ni hivyohivyo, intaneti muda wote.

Mwanachuo, Kihesa, Iringa

Naomba niitetee Deep Rock Galactic. Najua mtasema haina hadithi ndefu, na ni kweli. Ila kwa kipimo cha mwanzisha mada, "mwenzangu akitoka nakosa nini", sijaona inayoishinda.

Mnakuwa vibete wanne wachimba madini, kila mmoja na kazi yake. Pango ni giza totoro. Skauti ndiye mwenye bunduki ya kuwasha mwanga mkubwa juu ya paa, na ana ndoano ya kujivuta popote. Injinia anafyatua majukwaa ya kukanyaga na kutega bunduki zinazojiendesha. Mtoboaji anapasua mwamba kama anakata siagi. Mwenye bunduki kubwa anafunga kamba ya kupitia juu ya korongo na kuwawekea kinga.

Sasa angalieni hii. Dhahabu iko juu ukutani, mbali. Skauti anaifikia kwa ndoano, lakini hana pa kusimama, akianza kuchimba anaanguka na kuumia. Injinia akiwa chini anafyatua jukwaa chini tu ya ile dhahabu, Skauti anatua, anachimba kwa raha. Hakuna aliyeambiwa. Ukiona watu wanafanya hivyo bila kuongea ujue timu imeiva. Kwenye ngazi ya 5 ya ugumu, bila Skauti mnapigana gizani, na bila Mtoboaji njia ya kurudi kwenye chombo cha kuondokea inakuwa ndefu huku muda unahesabiwa.

Faili lake ni dogo kabisa ukililinganisha na hayo ya GB 100. Bando likiisha unaingia peke yako bila mtandao, unapewa roboti wa kukusaidia. Silaha na ujuzi vinapanda levo kama mnavyotaka. Ilitoka rasmi mwaka 2020, na kompyuta za kawaida hapa hosteli zinaicheza.

Mzazi, Ipogolo

Wanangu, ninawasoma kwa furaha. Nawaomba mlitaje na hili: Borderlands 2 imewekewa umri wa miaka 18, ina damu nyingi na lugha chafu. Wenye mabanda mlitazame hilo, kwa sababu watoto wa shule wanasimama mlangoni.

Mdau wa Mafinga

Shikamoo mzazi. Umenena. Mimi TV ya gemu hiyo nimeigeuza ikatazama ukuta wa ndani, na mwenye sare ya shule haingii.

Mwanzisha mada, Mwanjelwa

Nasaha za mzazi tunazipokea wote. Dada wa Njombe, hilo la dunia ya nani limenifungua macho, nisingelijua. Swali kwa wote: sisi tuna laptopu nne na intaneti ya kuungaunga. Kuna namna ya kucheza tukiwa chumba kimoja bila bando?

Mwanachuo, Kihesa, Iringa

Ipo kaka. Borderlands 2 ya kompyuta ina chaguo la LAN, yaani kuunganisha kompyuta zilizo pamoja bila intaneti, kwenye mipangilio ya mtandao. Kila mmoja awe na nakala yake, mpakue na kusasisha kabla, mkiwa na bando, na wote muwe na toleo moja. Halafu mnaungana kwenye ruta moja, mmoja anafungua, watatu wanaingia. Ruta ikikosa intaneti haijalishi.

Na kama mnataka ugumu, msihukumu kwa mzunguko wa kwanza. Ukimaliza hadithi unaianza upya kwa mhusika uleule, na mzunguko wa tatu ndio wenyewe: maadui wanajirudishia damu wenyewe. Pale lazima mmoja abebe silaha ya kumpaka adui ute wa zambarau ili wenzake wamuumize zaidi. Mpangeni mapema ni nani.