Naomba ushauri: ofisi ibaki Windows au ihamie Linux?

Habari zenu wakuu. Nipo kitengo cha TEHAMA kwenye ofisi ya serikali wilayani. Kompyuta zetu nyingi bado zina Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inazikataa kwa kuwa hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta), na kununua mpya zote kwa mkupuo bajeti hairuhusu. Kuziacha bila masasisho ya usalama wakati zimebeba taarifa za wananchi kunaninyima usingizi.

Nimejaribu Linux Mint (toleo mojawapo la Linux, mfumo endeshi wa bure) kwenye mashine ya masijala yenye RAM ya GB 4. Inawaka haraka, barua zinaandikwa vizuri kwenye LibreOffice (programu za ofisi za bure, mbadala wa Word na Excel), na mifumo ya kwenye kivinjari inafunguka. Kinachogoma ni faili la Excel la mhasibu lenye makro (amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili): akibonyeza kitufe cha kujumlisha makusanyo, kimya.

Gendarmerie ya Ufaransa (polisi wa kijeshi) wanatumia Ubuntu, toleo jingine la Linux, tangu 2008. Lakini jiji la Munich, Ujerumani, lilihamia Linux, kisha 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Ndiyo maana naogopa kukurupuka.

Kwa matumizi ya nyumbani sina wasiwasi. Mtu wa YouTube na kuandika barua Mint inamtosha kabisa. Shida ni ofisini. Mliowahi kuhamisha ofisi nzima, mlianza na idara gani? Wahasibu mliwaachia Windows, au faili zao mlizitengeneza upya? Na watumishi wenye umri mkubwa mliwafundishaje?