Naomba ushauri: Toyota Probox 4WD (inayovuta tairi zote nne) au Subaru Forester kwa kufukuza radi huku Dodoma?

Wakuu habari zenu, nipo Dodoma, napiga picha za radi na mawingu ya mvua, najua kuna watakaosema nimechanganyikiwa ila ndo ugonjwa wangu. Msimu wetu ni Desemba mpaka Aprili basi, so nataka gari used ya buti refu, nilaze siti za nyuma niweke tripodi na hata kusinzia nikisubiri wingu. Bajeti mil 12, ikizidi kidogo sio kesi. Lami ya Manyoni haina shida, shida ukichepuka kule Bahi ule udongo mweusi umelowa, tope linajaa kwenye tairi mpaka kashata zote (ile mikato ya tairi) zinapotea na gari inateleza yenyewe. Probox 4WD ya cc 1500 spea zipo kila kona, ila iko chini na nyingi zimebebeshwa mizigo mpaka shokapu zimekufa. Forester SG5 (lile toleo la pili) iko juu, inavuta tairi zote muda wote, ila mafundi wananitisha na wese. Fielder siitaki, bampa itabaki shambani. Mwenye Forester ya cc 2000, lita moja unaenda kilomita ngapi? Na Probox nikienda kuikagua, nitajuaje 4WD bado inashika?